Bibi Harusi wa Kijivu

Harusi ya Dar es Salaam huanza na kadi. Ukumbi haujalipiwa, kamati haijagombana juu ya mpishi, tayari bahasha imefika ofisini: familia ya fulani inayo furaha kukuomba mchango wako wa hali na mali. Siku hizi wenyewe wamo juu ya kadi, wameegemeana ufukweni Coco au mbele ya ukuta wa maua ya plastiki, wanacheka. Unatazama picha kabla ya kutazama tarehe. Na mara nyingi kuliko inavyostahili unakutana na binti uliyemjua tangu chekechea, maji ya kunde wa watu, sasa amegeuka kijivu cha mtu aliyetoka wodini. Bwana harusi, ambaye ni mweusi zaidi, amepotelea ndani ya suti yake. Yamebaki meno na kola. Kadi nyingine hukosea upande wa pili, na maharusi wote wawili wakawa wekundu wa tofali.

Lawama humwendea fundi na mashine yake. Wino feki, printa imechoka, kijana hajui kazi. Ukweli upo humo, lakini mdogo. Nimekaa kwenye mabenchi ya maduka ya uchapaji Kariakoo kiasi cha kuona mashine ile ile ikitoa asubuhi bibi harusi wa kijivu na alasiri bibi harusi aliye yeye mwenyewe, kwa wino ule ule na karatasi ile ile. Kilichoongezeka katikati ya asubuhi na alasiri ni mtu aliyesimama akauliza: anafanana? Swali hilo halijibiki hewani. Lazima pawepo kitu cha kulinganishia, na kazi nyingi za kadi huharibikia hapo, kwa sababu kitu pekee kilichopo mezani ni kioo cha simu.

Kioo cha simu ni shahidi wa hovyo. Kinatoa mwanga wake chenyewe, nyekundu, kijani na bluu, kikiuchanganya na kutupa jichoni. Karatasi haina mwanga. Inangoja wa taa au wa jua, wino unameza sehemu yake, na kile kisichomezwa ndicho kinachorudi kwetu kikiitwa rangi. Wino wa uchapaji ni sayani, majenta, njano na mweusi, na kila tone linaloongezwa linapunguza mwanga unaorudi. Kwa hiyo zipo rangi ambazo kioo kinaziweza na karatasi haiziwezi kabisa: bluu kali ya gauni la wasimamizi, kijani cha ndimu, rangi ya chungwa inayowaka. Mteja anayetaka bluu ile ya simuni aipate kwenye kadi ya kawaida hataipata hata akihama duka mara ngapi.

Lakini ngozi haimo kwenye orodha hiyo. Hili huwa nalirudia kwa kila anayetaka kunisikia, kwa maana ndilo linaloondoa visingizio. Rangi za ngozi ya binadamu, kuanzia ya Mmakonde mpaka ya Mnorwei, zote zinaingia vizuri ndani ya uwezo wa wino nne za kawaida. Fizikia haina kosa juu ya bibi harusi wa kijivu. Mapishi yake yanafahamika: majenta na njano ndio msingi, njano ikilingana na majenta au kuizidi kidogo; sayani inaingia kwa kiasi cha chini kuliko hizo mbili; mweusi unakuja mwishoni kuleta kina. Sayani ikizidi, uso unaingia majivu au ukijani. Ikipungua mno, tofali. Na pale programu inapobadilisha picha kutoka rangi za mwanga kwenda rangi za wino, ina tabia ya kubana matumizi: mahali ambapo sayani, majenta na njano zimekutana kwa wingi, inaziondoa kiasi na kuweka mweusi badala yake. Kwenye tairi la gari hakuna atakayegundua. Kwenye shavu la mtu mweusi, ambako rangi hizo tatu ndizo uhai wenyewe, mweusi uliopachikwa unatua usoni na kuufunika kwa masizi.

Tena kosa huwa limeanza kabla ya kufika dukani. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu cha kati. Mweke bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe lililotanda fremu nzima, kamera inaona weupe mwingi, inahofia, inapunguza mwanga. Gauni linatoka safi, kila ua la lesi linahesabika. Uso umezama. Mpiga picha anayejua kazi yake anapima kwenye uso na kuliacha gauni lijitetee. Asiyejua anakuletea faili ambalo kwenye simu, mwanga ukiwa umepandishwa mpaka juu, linaonekana zuri tu. Likishafika kwenye wino, kile kivuli kidogo chini ya taya kinajaa na kuziba.

Mwanga wa kioo ndio mtego mkubwa kuliko yote. Simu nyingi zikiwa juani hupandisha mwangaza mara kadhaa kuzidi ule ambao wachapaji wanashauri kwa skrini ya kazi, ambao ni kama kandela 100 kwa mita ya mraba. Mtu anamhukumu bibi harusi akiwa amewashiwa taa kutoka nyuma, kisha anashangaa akimwona kwenye karatasi iliyolala mezani. Dawa yake haina gharama: shika karatasi nyeupe kando ya skrini, shusha mwangaza mpaka weupe wa skrini ukaribiane na weupe wa karatasi. Ghafla utaona uso ulivyo na giza kweli, nawe utaunyanyua wewe kabla mashine haijaumeza.

Na taa za dukani nazo. Tyubu za bei nafuu zilizojaa dari za maduka yetu hazina nyekundu ya kutosha ndani ya mwanga wake, na nyekundu ndiyo joto la ngozi nyeusi. Chini ya taa hizo kadi nzuri inaonekana mbaya na kadi mbaya inaweza kuonekana nzuri. Kila aliyewahi kununua kitenge ndani ya duka kisha akakitazama barabarani anajua rangi mbili zinavyoweza kupatana chini ya taa moja na kukosana chini ya nyingine. Wachapaji wakubwa duniani wana kiwango cha kimataifa kinachotaka kadi itazamwe chini ya mwanga wa kelvini 5000, karibu na ule wa mchana. Sisi mchana tunao mlangoni. Kivulini, si juani, saa nne asubuhi: hakuna chumba cha ukaguzi kinachoishinda baraza ya duka Mtaa wa Msimbazi, isipokuwa vumbi.

Hapa inabidi nitoke Kariakoo kidogo, kwa sababu suala la kitu cha kulinganishia lina historia, na historia hiyo nayo ni ya kadi.

Mwaka 1954, nchini Marekani, shauri la ushindani wa biashara liliilazimisha Kodak kuacha kuhodhi usafishaji wa picha za rangi. Maabara ndogondogo zikaanza kusafisha mikanda ya kampuni hiyo, na ili rangi zisipishane kutoka mji hadi mji, kampuni ikazipelekea picha ya mfano ya kupimia mashine: mwanamke mweupe, nguo zenye rangi za kukolea, mito, tabasamu. Wa kwanza wao aliitwa Shirley, akiwa mfanyakazi wa Kodak, na jina likabaki hata wanawake walipobadilika. Kila asubuhi fundi wa maabara alichapa Shirley, akamlinganisha na kadi, akarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Kisha akachapa picha za watu wote wengine.

Watu wote wengine, wakiwemo wetu. Kadi hizo zilisambaa kwenye maabara dunia nzima pamoja na mashine na karatasi. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montréal, alifuatilia habari hii na kuichapisha mwaka 2009, akizungumza na waliowahi kufanya kazi Kodak. Jambo lililowasukuma wakemia kuboresha uwezo wa filamu kushika hudhurungi nzito, aliambiwa, ni malalamiko ya viwanda vya chokoleti na vya samani, ambavyo havikuridhika na jinsi bidhaa zao zilivyotoka kwenye matangazo. Akina mama waliolalamika kwamba watoto wao weusi hawaonekani kwenye picha za darasa hawakuwa na uzito wa sanduku la chokoleti. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake watatu wa asili tofauti, mmoja wao mweusi. Muda si mrefu baadaye kamera za dijitali zikaanza kuizika filamu yenyewe.

Historia hii ina sura nyingine nzito zaidi. Mwaka 1970, Caroline Hunter na Ken Williams, wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Massachusetts, waligundua kwamba mashine za kampuni yao za kupiga picha za vitambulisho zilikuwa zinatumika Afrika Kusini kutengenezea picha za zile pasi ambazo Mwafrika alilazimika kutembea nazo. Walianzisha vuguvugu la kuisusia kampuni, wakapoteza kazi zao, na mwaka 1977 Polaroid ikaachana na biashara hiyo. Kamera iliyotajwa sana katika kisa hicho, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza mwako wa flashi. Ninakitaja kwa sababu kinavunja dhana moja iliyozoeleka, kwamba teknolojia ilishindwa tu kumwona mtu mweusi. Pale ilipotakiwa imwone vizuri, kwa ajili ya polisi, njia ilipatikana.

Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard alipoalikwa na serikali ya Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 kushauri juu ya televisheni ya taifa jipya, inasimuliwa kwamba alikataa filamu ya Kodak kwa madai kuwa ni ya kibaguzi. Watu wanapenda kukisimulia kisa hicho, nami nakipenda pia, ila naona kinampa Godard sifa iliyowastahili wengine kabla yake. Wapiga picha wa pwani hawakungoja Mfaransa. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na katika picha zake za nyeusi na nyeupe kila uso umepewa nafasi yake kwa mkono: mwanga umeelekezwa, chumba cha giza kimeamua kivuli kipi kibaki na kipi kiondoke. Katika kazi ya namna hiyo kipimo kilikuwa mteja mwenyewe, ambaye angerudi dukani kuchukua picha na kusimama mbele ya kaunta akiwa na uso wake.

Rangi ilipokuja na mashine zake, uamuzi huo uliondoka mikononi mwa mpiga picha ukahamia ndani ya boksi lililopimwa kwa Shirley. Dijitali imeurudisha nusu. Google ilitangaza mwaka 2021 kwamba kamera za simu zake zimerekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi. Tecno, ambayo soko lake kubwa liko Afrika, ilikuwa imeshajitangaza kwa jambo hilo hilo kabla yake. Safi. Lakini hayo yote ni upande wa kupiga. Upande wa kuchapa, duka la kawaida la kadi leo halina hata Shirley. Halina uso wowote.

Na printa yenyewe haina maoni. Inaamini unachoiambia. Ukiiambia imepewa karatasi ya kawaida ya ofisini ilhali umeweka kadi ya gramu 300 inayong'aa, itamwaga wino wa karatasi ya ofisini, na kijana wa duka ataanza kuhangaika na vidhibiti vya rangi kutibu ugonjwa ambao chanzo chake ni mstari mmoja kwenye dirisha la mipangilio. Nikiulizwa jambo moja tu la kiufundi linaloharibu kadi nyingi kuliko yote, nitataja hilo: aina ya karatasi. La pili ni rangi kusahihishwa mara mbili, programu ikisahihisha na printa nayo ikisahihisha, kila mmoja akidhani mwenzake amelala. Mwachie mmoja, mzime mwingine.

Karatasi ndiyo yenye usemi wa mwisho. Kadi isiyopakwa kitu juu, ile inayopendwa kwa sababu ina mguso wa kitambaa, inanyonya. Kila nukta ya wino inatanuka kama mafuta ya kitumbua kwenye gazeti, vivuli vinajaa, uso unazama. Iliyopakwa inaubakiza wino juu na kuupa kina. Kadi za rangi ya krimu zinaongeza njano kwenye kila kitu. Karatasi nyeupe kupindukia mara nyingi zimetiwa kemikali ya kung'arisha inayotoa mwanga wa bluu, na bluu chini ya ngozi ya kahawia ni hatua moja kuelekea kijivu. Halafu zipo zile kadi za kumeremeta lulu, fahari ya kamati nyingi. Kwa maandishi ya dhahabu ni nzuri. Kwa nyuso ni balaa, kwa sababu mng'ao uliomo ndani ya karatasi unabadilika kila unapoigeuza mkononi, na bibi harusi anabadilika nao. Ukiwa umelipia lulu tayari, chapa picha kwenye karatasi nyingine uibandike juu. Wazee wetu walibandika picha kwa gundi kwenye albamu na hakuna aliyelalamika.

Printa ndogo za matangi, zile za kujaza wino kwa chupa, zimebadilisha biashara hii kuliko mashine yoyote kubwa. Mtu mmoja na laptop yake anafungua duka chini ya ngazi. Zile za wino sita zinauzwa kuwa ni za picha, na ni kweli, ila angalia wino mbili zilizoongezwa kwenye nyingi kati yake ni zipi: sayani hafifu na majenta hafifu. Kazi yake ni kulainisha sehemu zenye mwanga, yaani anga, shela, mashavu ya watu weupe. Ndani ya vivuli vya uso mweusi msaada wake ni mdogo. Hapo kinachosaidia ni wino za kijivu, ambazo printa nyingi za namna hii hazina. Sisemi kuna mtu alikaa akapanga njama. Nasema tu kwamba ukichunguza mashine vizuri unaona ilikuwa inamfikiria nani.

Ukali wa picha nao una ngano zake, kubwa ikiwa ni WhatsApp. Kila picha ikitoka na ukungu, WhatsApp ndiyo iliyoiua. Tufanye hesabu. Uchapaji wa kadi hupanga nukta zake kwenye mistari kama 150 kwa inchi, na ili kila mstari upate habari ya kutosha, picha inatakiwa iwe na takribani mara mbili ya hapo. Ndiyo asili ya ile 300 ambayo kila fundi huitaja kama aya ya kitabu. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubaki na pikseli kama 1600 upande mrefu. Gawa kwa 300, unapata zaidi kidogo ya inchi tano, sentimita 13. Kadi nyingi hazina picha ndefu kuliko hiyo. Basi WhatsApp peke yake haijaua, ingawa ni afadhali sana kutuma faili kama dokyumenti ili lisiguswe.

Muuaji ni mkono unaofuata. Picha ni ya watu kumi na wawili kwenye ngazi za kanisa, na wanaotakiwa ni wawili wa katikati. Ukiwakata kutoka humo unabaki na pikseli 400. Au bibi harusi kaiona picha kwenye ukurasa wa mpiga picha, akapiga skrinishoti. Simu nyingi za bei ya kati zina upana wa pikseli 720 au 1080, na picha ya kulala ikionyeshwa kwenye simu iliyosimama haizidi upana huo. Pikseli 720 zinatosha sentimita sita. Ukizitanua zijaze kadi, hakuna printa ya kuziokoa, hata ile ya dola laki moja. Zipo programu za akili bandia zinazodai kuziokoa. Zinachofanya ni kubuni: kope, vinyweleo, kona ya mdomo. Uso unaotoka ni mkali kweli, na ni wa mtu mwingine anayemfanania.

Halafu kuna kunoa. Kila programu ina kitufe chake, na vijana wanakipenda. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mbinu yenyewe ilizaliwa kwenye chumba cha giza, na ilifanya kazi kwa kutumia ukungu: fundi alitengeneza nakala hafifu ya picha isiyo kali, akaibana pamoja na negativu, ikapunguza tofauti kila mahali isipokuwa kwenye kingo. Jicho likaona makali. Kompyuta inafanya hesabu ile ile. Kwa kuwa ni mchezo wa kingo, lazima ufanywe mwishoni, picha ikishakuwa na ukubwa wake wa kadi, na kiasi chake kifuate karatasi: inayonyonya inahitaji zaidi, inayong'aa kidogo tu. Na usinoe uso mzima. Nchi hii ina joto. Mashavu ya maharusi yana jasho, na jasho lililonolewa linageuka upele. Noa macho, kope, ushanga, ukingo wa kilemba. Mashavu yaache.

Makali mengine hayahusu picha kabisa. Kadi nene hugusa kichwa cha printa ikiwa haijaambiwa nafasi iongezwe, nacho kikiburuta juu ya wino mbichi, kila kitu kinapata kivuli chake. Uchapaji wa kasi, kichwa kikichapa kwenda na kurudi, hupishanisha mistari kwa unywele. Majina ya wazazi, ambayo ndiyo yatakayosomwa kuliko chochote, yaandikwe kwa wino mweusi mmoja, si kwa mchanganyiko wa wino nne ambazo zikipishana kidogo zinampa kila mjomba upinde wa mvua. Na kadi zisirundikwe wala kutiwa kwenye bahasha siku ile ile. Unyevu wa pwani haukaushi wino kwa haraka ya kamati.

Ipo kazi moja ambamo kipimo kimekosekana kwa maana kamili, nayo ni ya msiba. Nchini Kenya familia huchapa programu ya mazishi yenye picha ya marehemu jaladani. Kwetu ziko kadi za shukrani na za arobaini. Picha imetoka kwenye kitambulisho, au imekatwa kutoka kwenye harusi ya mtu, bega la jirani likiwa bado limo. Mwenye uso hawezi kuitwa mlangoni. Hapo fundi hana budi kuwageukia waliobaki, nao hawakubaliani: mke anasema alikuwa mweupe zaidi ya hivi, mama mzazi anasema hapana, hivi hivi. Nimeshuhudia mabishano ya namna hiyo yakichukua muda mrefu kuliko kuandika wasifu. Sikuyaona kuwa ya kipuuzi. Kwenye kazi ile hakukuwa na chombo kingine cha kupimia, na wao walikuwa wanafanya kazi ambayo mashine imeachiwa kila siku bila mtu wa kuibishia.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo mafundi wananong'ona. Mteja mwenyewe, mara nyingi, hataki afanane. "Fundi, nisafishe kidogo," anasema, naye fundi ameshaelewa: punguza weusi. Simu ilikwisha kumfanyia hivyo kabla hajaja, kwa kichujio cha urembo kilichowashwa tangu siku ilipotoka kwenye boksi. Maduka mengine yanasafisha bila kuombwa, kwa uzoefu kwamba aliyesafishwa halalamiki. Hapo masomo yote ya sayani na majenta hayana kazi, maana kinacholinganishwa si kadi na uso. Ni kadi na tamaa, na tamaa ile haikuzaliwa Kariakoo peke yake. Simlaumu fundi, ana kodi ya kulipa. Bibi harusi naye simlaumu sana. Ila nimeona kwamba ombi la kusafishwa huja kwa nguvu zaidi pale ambapo nakala ya kwanza imetoka mbaya. Mwonyeshe mtu uso wake wa masizi, atataka weupe, kwa kuwa ndio njia pekee anayoijua ya kutoka gizani. Mwonyeshe uso wake ukiwa na kahawia yake yote, mwanga ukitembea kwenye paji la uso na vivuli vikiwa wazi, mara nyingi hasemi kitu. Anauliza bei ya kadi 200.

Fundi mmoja ninayemfahamu amejitengenezea kipimo chake. Amewapiga majirani wanne wa mtaani, kwa ridhaa yao, kuanzia binti mweupe wa maji ya kunde hadi mzee mweusi tii anayeuza kahawa, na kila aina ya karatasi anayoiuza ameichapia nyuso hizo nne. Wino mpya ukifunguliwa, anachapa wanne hao kwanza. Mzee wa kahawa yupo hatua chache kutoka dukani, kwa hiyo anaitwa, anasimama barazani na karatasi kando ya shavu lake, anaruhusiwa kwenda zake kuuza. Kodak haikuwahi kuwapa mafundi wake anasa hiyo, Shirley wa kuitwa kwa sauti.

Kwa kadi ya harusi ningeongeza sharti moja. Nakala ya kwanza isiidhinishwe na mwenyekiti wa kamati, ambaye anawaza bajeti, wala na maharusi, ambao wameitazama picha ile simuni mpaka hawaioni tena. Aitwe shangazi, yule aliyeteremka jana kutoka Songea na hajaiona bado. Akae mlangoni kwenye mwanga, bibi harusi asimame karibu yake bila vipodozi vya siku ile, na shangazi apewe kadi bila maelezo. Kamati italalamika kwamba nusu siku imepotea na kadi zilitakiwa zianze kugawiwa Ijumaa. Shangazi akinyamaza kwa muda kisha akauliza "huyu ni nani?", fundi arudi ndani, apunguze sayani.